Siku Sita za Biharamulo: Nyumba Yako Isingoje Tamko

Makamanda, tuhesabu siku pamoja.

Tarehe 14 Januari mwaka 2025, Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa kwamba mkoani Kagera, wilaya za Biharamulo na Muleba, kuna watu tisa wanaohisiwa kuwa na ugonjwa wa Marburg, na wanane kati yao tayari wamefariki. Wino haujakauka, Wizara ya Afya ikatoka mbio na tamko lake: sampuli zimepimwa, zote hasi. Mtandaoni mnajua chawa wanavyofanya kazi. Tamko likageuzwa fimbo ya kumchapia kila aliyethubutu kuuliza swali.

Tarehe 20 Januari, Dodoma, Rais akasimama mwenyewe, mkuu wa WHO Tedros Ghebreyesus akiwa pembeni yake, akasema mgonjwa mmoja kutoka Biharamulo amethibitika. Kipimo kilifanyika maabara ya Kabyaile hapo hapo Kagera, kikarudiwa Dar es Salaam. Marburg ipo.

Toka 14 mpaka 20 ni siku sita.

Tarehe 13 Machi ikatangazwa kwamba mlipuko umeisha. Hesabu ya mwisho ni watu 10: wawili waliothibitishwa na maabara, na wanane waliohesabiwa kutokana na historia ya ugonjwa wao. Waliopona? Hakuna. Kumi waliugua, kumi wakazikwa. Na wataalamu walipofuatilia nyuma, wakakuta wa kwanza alianza kuona dalili tarehe 9 Desemba 2024. Yaani zaidi ya mwezi mzima ugonjwa ulikuwa unatembea ndani ya nyumba za watu kabla mkubwa yeyote hajafungua mdomo hadharani.

Sasa tutende haki, tusije tukawa kama wao. Sampuli za mwanzo kutoka hasi ni jambo linalotokea. Maabara si mganga wa kienyeji, inasema ilichokiona kwenye chupa iliyoletewa. Kosa si kipimo. Kosa ni serikali inayojua watu wamekufa wakifuatana, halafu badala ya kuwaambia wananchi "hatujajua bado, ila msishike mgonjwa mikono mitupu, msioshe maiti mpaka tuwaambie", inakimbilia kulinda sura. Sentensi moja tu ya tahadhari ingetosha. Haigharimu hata bando la jero.

Halafu angalia jirani. Rwanda ilitangaza Marburg yake tarehe 27 Septemba 2024. Walipata wagonjwa 66, wakafa 15, wakafunga hesabu tarehe 20 Desemba. Sisi si mashabiki wa siasa za Kigali, na ni kweli kwamba wagonjwa wengi wa kule walikuwa wahudumu wa afya waliowahiwa mapema, hospitali ziko karibu, hivyo mizani si sawa kabisa. Lakini mtu wa Rusumo, anayevuka daraja kila siku na mzigo wa ndizi, alijua ugonjwa wa ng'ambo mapema kuliko alivyojua ugonjwa wa Biharamulo. Hilo linaumiza.

Sisi vijana tumeshaandika vya kutosha kuhusu siku sita hizo. Tumeposti, tumeweka alama reli, tumecheka na vikatuni. Leo nataka tugombane kidogo sisi kwa sisi.

Kila nikisema kwenye makundi yetu kwamba nyumba za wanachama zijipange kwa ajili ya dharura, kuna kamanda anainuka: "Hiyo ni kazi ya serikali. Tunalipa kodi. Ukiwafundisha watu kujiokoa unawasaidia CCM kukwepa wajibu." Ni hoja inayopigiwa makofi, na ina nusu ya ukweli, kwa sababu serikali hii kweli inapenda sana kumrudishia mwananchi mzigo wake. Tumeona kwenye tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016. Saa 9 na dakika 27 alasiri ardhi ikatikisika, watu 17 wakafa, maelfu ya nyumba zikaanguka au kupasuka, Bukoba na Missenyi zaidi. Nchi nzima ikachanga. Januari 2017 Rais Magufuli akaja Bukoba akawaambia wahanga kwamba serikali haitamjengea kila mtu nyumba. Michango ikaelekezwa kwenye majengo ya umma, na mwananchi akaambiwa ajenge kwa nguvu zake. Na kabla ya hapo kulishakuwa na aibu ya viongozi wa mkoa kutumbuliwa kwa kufungua akaunti ya benki yenye jina la kufanana na ile rasmi ya maafa! Kwa hiyo ndiyo, naelewa kwa nini kijana wa Kagera akisikia neno "jiandae" anasikia "jitegemee, usitusumbue".

Lakini hebu mpeleke kamanda huyo kwenye nyumba moja ya Nyakahura, tarehe 16 Januari, saa tano usiku. Baba ana homa kali, anatapika, anaharisha damu. Mama anafua mashuka kwa mikono. Bibi anamshika kichwa. Watoto wanne wamelala chumba hicho hicho. Redio imesema hakuna Marburg. Mweleze mama huyo kwamba asijipange kwanza, asubiri tushinde uchaguzi.

Kirusi hakisomi ilani. Saa za mwanzo za kila janga ni za nyumba na majirani, iwe tunatawaliwa na CCM, na sisi, au na malaika. Ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, waliofika kwanza ni wavuvi na mitumbwi yao. Watu 24 walitoka hai, 19 wakafa. Ripoti ya awali ya uchunguzi yenyewe ilieleza kwamba boti ya polisi ilichelewa, ikafika ikiwa na uhaba wa mafuta na wa hewa ya wazamiaji. Huo ni mji mkuu wa mkoa, uwanja wa ndege uko mita chache kutoka majini. Sasa wewe wa Nyantakara unategemea nani akufikie saa ya kwanza?

Na hapa ndipo siasa inapoanza. Nyumba iliyojipanga haidanganyiki kirahisi. Inajua dalili, inajua namba ya kupiga, imeandika tarehe mgonjwa alipoanza kuumwa. Tamko likija la kusema "hakuna kitu", nyumba hiyo ina daftari la kuuliza nalo maswali. Nyumba isiyojipanga ina kilio tu, na kilio serikali hii imeshazoea kukisikia.

Basi tuzungumze nyumba.

Kikubwa kuliko vyote hakiuzwi dukani, ni kikao. Kaeni jioni moja mkubaliane: mtu akiugua ugonjwa usioeleweka humu ndani, nani atamhudumia? Mmoja tu. Si kila mtu kuingia kumpa pole na kumpangusa jasho. Atalala wapi peke yake, hata kama ni stoo ya mahindi iliyofagiliwa? Sahani yake, kikombe chake, ndoo yake. Anayemhudumia avae glovu, na duka la dawa muhimu linaziuza. Nunueni chache ziwekwe na jiki, sabuni na dawa ya chumvi-sukari ya pakiti ya kuzuia kuishiwa maji. Weka kibuyu chirizi nje ya choo na kingine karibu na jiko. Tulifundishwa shule za msingi sote, tukaviacha vikauke pale UVIKO ulipopoa. Dalili za Marburg huanza kuonekana kati ya siku 2 na 21 baada ya mtu kuambukizwa, kwa hiyo tarehe ni mali. Andika kwenye daftari: nani aliugua lini, nani alimshika, nani alikuja kumwona. Hakuna chanjo wala dawa maalumu iliyoidhinishwa mpaka sasa. Kuwahi hospitali na kupewa maji na matunzo ndiyo tofauti ya kuishi na kufa.

Jambo la pili ndilo gumu, na viongozi wetu wanaliogopa kwa sababu linagusa mila: maiti. Marburg inapita kwenye majimaji ya mwili wa mgonjwa na wa marehemu. Kule kuosha, kuvalisha, kushika kwa mara ya mwisho, ndiko kunakomaliza ukoo. Na uamuzi wa kutoosha hauwezi kufanyika saa ya msiba. Mtu amepoteza mama yake, wewe unamwambia asimguse, atakupiga. Atakuita mchawi. Uamuzi huo unafanyika leo, watu wakiwa wazima, mbele ya mzee wa ukoo, katekista, mchungaji, shehe. Mnakubaliana kwamba kifo cha ghafla chenye homa na damu, tunapiga simu kwanza, tunasubiri watu wenye mavazi ya kujikinga, tunaswalia au tunasali kwa mbali, na hakuna atakayesema ukoo ule umemtupa ndugu yao. Wazee wa Kihangaza na Kisubi niliowasikia wakizungumzia hili si wagumu kama vijana wa mjini wanavyodhani. Wanachotaka ni kushirikishwa mapema, si kuamrishwa na gari la kipaza sauti.

Hapo hapo nizungumze na vikundi vyetu vya kufa na kuzikana, maana karibu kila mama kijijini yumo kimoja. Mgonjwa anahangaika usiku kucha, hakuna nauli ya bodaboda toka Mabawe mpaka hospitali ya Murgwanza. Akifa asubuhi, kikundi kinatoa jeneza, sanda, mchele wa waombolezaji na turubai. Hivi sisi tukoje? Fungueni katiba za vikundi vyenu, ongezeni kifungu kimoja kwamba mwanachama akizidiwa, mweka hazina anatoa nauli ya kumfikisha hospitali usiku huo huo, maswali baadaye. Na fedha hiyo iwepo mkononi, noti, si kwenye simu. Saa nane za usiku wakala amelala na mtandao wa Ngara tunaujua, mara unashika mnara wa Burundi, mara haupo kabisa.

Kuhusu mtandao, tusijidanganye kwamba kundi la WhatsApp ni mpango wa dharura. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilikatika, intaneti ikayumba nchi nzima. Oktoba 2020, wakati wa uchaguzi, Twitter ilibanwa, hilo hamjasahau. Mwaka 2025 nao ulikuwa wa uchaguzi. Kwa hiyo andika namba ukutani kwa mkaa au chaki, mahali mtoto wa darasa la tatu anaweza kusoma: 199 ya Wizara ya Afya, 114 ya zimamoto, 112 ya polisi, na chini yake namba ya mganga wa zahanati yenu na ya bodaboda mnayemwamini. Na redio ya betri irudi mezani. Radio Kwizera ilianzishwa Ngara mwaka 1995 kwa ajili ya watu waliokuwa makambini wasiojua ndugu zao wako wapi. Ilifanya kazi bila bando la mtu.

Maana Ngara haihitaji semina ya mtu kutoka Dar kuhusu maana ya dharura. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, ndani ya saa 24 tu, watu takriban 250,000 walivuka Rusumo kutoka Rwanda. Ni wengi kuliko wenyeji wa wilaya nzima wa wakati ule! Benaco ikawa mji kwa usiku mmoja. Muulize mama yako au bibi yako nani alitoa maji siku ile, nani alitoa mihogo, nani alificha watoto. Utapata mpango wa maafa ulio bora kuliko makabrasha mengi ya halmashauri.

Na vita vya majirani viliacha vitu ardhini. Tarehe 8 Novemba 2017, shule ya msingi Kihinga, bomu la kutupwa kwa mkono lililookotwa kama chuma chakavu lililipuka likaua wanafunzi watano na kujeruhi zaidi ya 40. Watoto wetu bado wanaokota vyuma kwa ajili ya kuuza kwa kilo. Kila nyumba ya Ngara iwe na sheria moja isiyojadiliwa: chuma usichokijua hukigusi, hukipigi jiwe, unaweka alama kwa mbali unamwita mkubwa. Na ninyi mnaonunua chuma chakavu, wengine ni makamanda wenzetu, acheni kununua kwa watoto. Ni hivyo tu.

Mengine nitapita haraka. Nyumba za Lusahunga na Nyakanazi zilizo kando ya barabara ya malori: lori la mafuta likianguka, mtu asiende na dumu. Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, walikwenda na madumu, wakafa zaidi ya 100. Tetemeko: ukijenga, usiruke lenta eti kuokoa saruji, na usilaze watoto chini ya ukuta uliokwisha kupasuka. Makaratasi: vyeti, hati ya kimila, kitambulisho cha NIDA, kadi ya kliniki, vyote mfuko mmoja wa nailoni karibu na mlango. Na kadi ya mpigakura humo humo. Mtacheka, lakini moto ukiunguza kadi yako siku za uchaguzi nani atakucheka?

Sasa tutoke nje ya nyumba, kwa sababu bila hatua hii tutakuwa kweli tumewasaidia wao kukwepa.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2015, inataka kamati za maafa kuanzia taifa, mkoa, wilaya, kata mpaka kijiji na mtaa. Mpaka kijiji! Ni sheria ya Bunge lao wenyewe. Je, kijijini kwako unawajua wajumbe wa kamati hiyo? Wamekaa lini? Wana nini, machela, tochi, orodha ya wajawazito na wazee wasioona? Novemba 2024 walijitangazia ushindi wa asilimia 99 ya vijiji baada ya wagombea wetu kukatwa majina. Vizuri, wamechukua viti, na kazi ya viti ndiyo hiyo. Ukichukua asilimia 99 ya vijiji, maswali yote ya maafa ya vijijini ni yako.

Kinachotokea badala yake ni kwamba msaada ukija, orodha inapita kwa balozi wa nyumba kumi. Balozi ni cheo cha chama, si cha serikali. Tangu vyama vingi virudi mwaka 1992 jambo hili linajulikana, na bado watu wanaambiwa "nenda kwa balozi akuandike". Jibu letu liwe orodha yetu: kijana mmoja kila kitongoji, daftari moja, kila nyumba bila kuuliza chama cha mtu. Nani haoni, nani hatembei, nani mjamzito, nani analala peke yake, nani ana baiskeli, nani ana pikipiki, nani aliwahi kuwa mhudumu wa afya. Daftari hilo msiliwekee bendera wala rangi. Siku mtakapoanza kuandika wanachama wetu peke yao, mtakuwa mabalozi wapya, na mimi nitakuwa wa kwanza kuwaandika hapa kwa lugha hii hii.

Mkutano mkuu wa kijiji kisheria unaitishwa kila miezi mitatu, na kila mkazi mwenye miaka 18 ni mjumbe. Huhitaji kibali cha polisi kuhudhuria. Nendeni wengi, kaeni mbele, kuweni na adabu. Ombeni kamati ya maafa isimame itambulike kwa sura. Mtendaji akisema haimo kwenye ajenda, mwombe aandike kwenye muhtasari kwamba wananchi wameuliza na hawakujibiwa, halafu piga picha ukurasa huo ukiwa na mhuri. Kama robo hii mkutano kwenu haujaitishwa, anza kwa kwenda ofisini Jumatatu kuuliza tarehe.